Niliyojifunza benki ya damu, kwa anayeanza kazi hiyo kesho

Nilipelekwa benki ya damu bila kuomba. Nilikuwa nimezoea meza ya hadubini, kutafuta vimelea vya malaria na kupima mkojo na choo, katika hospitali moja ya wilaya Kanda ya Ziwa. Aliyekuwa akisimamia benki alikwenda masomoni, mkuu wa maabara akanikabidhi funguo, rejista mbili kubwa na friji moja iliyokuwa ikinguruma kando ya dirisha. Chuoni somo la damu nililifaulu vizuri. Lakini kufaulu mtihani ni jambo moja, na kusimama peke yako usiku mbele ya friji yenye mifuko minne huku wodi tatu zinaomba damu ni jambo jingine kabisa. Namwandikia mteknolojia kijana atakayepangiwa pale, muuguzi anayetuletea sampuli, na ndugu wa mgonjwa anayesubiri nje kwenye benchi bila kuelewa kwa nini tunachelewa.

Jambo la kwanza lililonishangaza ni jinsi damu isivyozoea kukaa. Wanaoihitaji kwetu ni watoto wa malaria wanaoletwa viganja vimepauka, wingi wa damu 3 au 4 wakati ungetakiwa kuwa 11 na zaidi. Ni akina mama wanaotokwa na damu nyingi baada ya kujifungua. Ni watoto wa selimundu. Ni majeruhi wa bodaboda. Baada ya mvua wodi ya watoto inajaa na friji inakauka. Shule zikifungwa ni hivyo hivyo, kwa sababu wachangiaji wetu wengi ni wanafunzi wa sekondari waliotimiza miaka 18. Mwezi wa Ramadhani waliofunga hawachangii mchana. Ukikabidhiwa benki, chukua kalenda ya mwaka mzima siku hiyo hiyo, weka alama kwenye likizo za shule, mfungo na majira ya mvua, kisha panga siku za kukusanya damu kabla ya vipindi hivyo. Mimi nilikuja kulijua hili baada ya friji kuwa tupu, na ukiwa na friji tupu hakuna utaalamu unaokusaidia.

Anayechangia anatakiwa awe na umri kati ya miaka 18 na 65, uzito usiopungua kilo 50, na wingi wa damu angalau 12.5. Mwanamume anaweza kurudi kila baada ya miezi 3, mwanamke baada ya miezi 4. Mfuko unabeba mililita 450 za damu juu ya mililita 63 za dawa ya kuzuia isigande, ambayo pia huzilisha chembe, na kwa dawa hiyo damu huishi siku 35 tu. Sampuli za kila mfuko tulizipeleka kituo cha kanda Mwanza, kimojawapo cha vituo vya Mpango wa Taifa wa Damu Salama pamoja na vya Dar es Salaam, Moshi, Tabora, Mbeya na Mtwara, zikapimwe VVU, homa ya ini B, homa ya ini C na kaswende. Mpaka majibu yarudi, mifuko ile hukaa rafu ya chini yenye karatasi nyekundu, na haiguswi.

Rafu hiyo imeniletea maneno mengi. Ndugu wa mgonjwa akichungulia mlangoni anaona mifuko imejaa, halafu anaambiwa damu hakuna. Baba mmoja mtu mzima alinishika mkono akasema, "Mwanangu, ile pale siyo damu?" Nikamwambia, "Ni damu, baba, lakini hatujui ndani yake kuna nini. Siwezi kumpa mjukuu wako kitu nisichokijua." Alikaa chini akanyamaza, na usiku ule tulihangaika kupata mfuko uliopimwa kutoka hospitali jirani. Usimkaripie mtu wa namna hiyo. Mpe dakika mbili za maelezo, kwa sababu akitoka pale hajaelewa, atakwenda kijijini kusema hospitali inaficha damu, na mwaka mzima hutapata mchangiaji kutoka kijiji hicho.

Friji ya damu inahitaji kuangaliwa kwa bidii kuliko nilivyodhani. Siyo friji ya nyumbani: ina feni inayozungusha ubaridi sawasawa, ina king'ora, na kipimajoto chake kinatumbukizwa ndani ya kichupa chenye kimiminika ili kisome joto la damu, si la upepo unaoingia mlango unapofunguliwa. Joto lake ni kati ya nyuzi 2 na 6. Likishuka mpaka damu ikashikwa na barafu, chembe nyekundu hupasuka. Likipanda, vijidudu vichache vilivyoingia sindano ilipopenya ngozi ya mchangiaji huanza kuzaliana, na mfuko wa namna hiyo unaweza kumuua mgonjwa ndani ya saa chache. Kwa hiyo unasoma joto asubuhi, mchana, jioni na usiku, unaandika, unasaini. Nimeona karatasi za joto zilizojazwa wiki nzima kwa kalamu moja na mwandiko mmoja, namba 4 kila mahali. Karatasi kama hiyo ni bora isingekuwepo, maana inamdanganya anayekuja zamu.

Umeme ukikatika, usifungue mlango. Andika saa umeme ulipokatika. Sisi tulifanya jaribio moja ambalo namshauri kila mtu alifanye: siku friji haina damu tuliijaza mifuko ya maji, tukaizima makusudi mchana, mlango umefungwa, tukawa tunasoma joto mpaka lilipofika nyuzi 6. Tangu siku hiyo tulijua friji yetu inavumilia muda gani, na jenereta isipowaka tulijua ni saa ngapi ya kuanza kuhamishia damu kwenye maboksi ya ubaridi. Ndani ya boksi, barafu isiguse mfuko moja kwa moja. Weka kipande cha kadibodi katikati. Damu iliyogusana na barafu huharibika kama iliyosahaulika juani.

Kuna mfuko mmoja nitaukumbuka. Ulitoka kwenda chumba cha upasuaji, upasuaji ukaahirishwa, na mtu mwenye nia njema kabisa akauweka kwenye friji ndogo ya wodi, kule juu kunakotengeneza barafu. Nilipoletewa kesho yake niliuinua kwenye mwanga. Damu ikitulia, chembe hushuka chini na maji ya juu yanabaki ya njano hafifu. Haya yalikuwa mekundu mpaka kingo za mfuko. Ilikuwa O-, kundi ambalo kwetu wenye nalo ni wachache mno, na aliyeichangia nilimfahamu kwa sura, alikuwa ametembea kutoka mbali kwa sababu tulimwita. Nililia pale mezani. Kisha nikaandika kwenye rejista "imeharibiwa" na sababu yake, nikaupeleka kuteketezwa. Mfuko ukitoka kwenye friji una dakika 30. Usipotumika urudi benki ndani ya dakika hizo. Ukizidi, hauwezi kurudishwa kwenye akiba. Na ukishaanza kuingia mwilini umalizike ndani ya saa 4. Wauguzi waambieni mapema, kabla hamjakosana. Waambieni pia kwamba hakuna haja ya kuipasha damu moto kwenye beseni la maji au kuianika dirishani, jambo ambalo bado linafanyika.

Hayo yote, pamoja na uzito wake, ni sehemu nyepesi ya kazi. Sehemu nzito ni jina la mgonjwa.

Nilidhani hatari ya benki ya damu iko kwenye vipimo. Vipimo vya kundi vyenyewe ni rahisi na vinapendeza kuvitazama. Unaweka tone la dawa ya A, ambayo ni ya bluu, tone la dawa ya B, ya njano, na tone la D lisilo na rangi, linaloonyesha kama kundi ni chanya (+) au hasi (-), juu ya kigae cheupe. Kila moja unaliongezea damu, unakoroga kwa kijiti chake, unakitikisa kigae taratibu. Pale kundi lilipo, damu inaanza kukatikakatika, chembe zinashikana kama chenga za mahindi, na rangi ya dawa inaonekana tena katikati. Pale lisipokuwepo, tone linabaki laini. Halafu unageuza upande wa pili, unachukua maji ya damu ya mgonjwa na kuyapima kwa chembe za A na za B zinazojulikana, ili majibu ya pande mbili yapatane. Yasipopatana, hutoi kitu. Tangu Karl Landsteiner alipoyagundua makundi haya na kuyachapisha mwaka 1901, msingi haujabadilika: mtu wa kundi O tayari ana silaha dhidi ya A na B mwilini mwake, na ukimpa damu ya A, silaha hizo huzipasua chembe za mgeni papo hapo, figo zikafa, damu ikashindwa kuganda.

Lakini kigae kinakueleza damu iliyomo ndani ya kichupa tu. Hakikuelezi kichupa ni cha nani.

Usiku mmoja wodi ya wazazi walileta fomu na kichupa cha mama aliyekuwa akitokwa na damu baada ya kujifungua. Nikapima, ikatoka A+, pande zote mbili zinapatana. Upimaji wa ulinganifu, ambao sisi tunauita krosimachi, ulikubali na mfuko wa A. Kila kitu kilikuwa safi. Kabla ya kusaini nikafunua rejista ya mwaka uliotangulia, kwa sababu fomu ilisema aliwahi kuongezewa damu hapo hapo kwetu. Nikamkuta. O+.

Simu ikalia.

"Dada wa maabara, damu bado tu?"

"Daktari, kundi la leo halifanani na la mwaka jana. Naomba sampuli nyingine."

"Mama anatokwa na damu huku. Hatuna muda huo."

"Naileta sasa hivi mwenyewe uniti ya chembe nyekundu za O, na sampuli nitaitoa mimi hapo kitandani. Lakini hii ya A, daktari, siwezi kuitoa."

Alikuwa mkubwa wangu kwa cheo na kwa umri, na sikuwa nimewahi kumwambia mtu kama yeye neno "siwezi". Magoti yalikuwa yananitetemeka. Kukawa kimya, kisha akasema, "Haya, njoo mbio."

Sampuli mpya ilikuwa O+. Ile ya A ilikuwa ya mama wa kitanda cha pili, aliyekuwa akisubiri kupasuliwa, na majina yao mawili ya mwanzo yalikuwa sawa herufi kwa herufi. Anayetoka kanda yetu hatashangaa. Wodi moja unaweza kuwakuta akina Masanja watatu. Muuguzi alikuwa peke yake kwenye wodi iliyojaa, alitoa damu kwa wote wawili, akaenda na vichupa viwili mpaka mezani kwake, akakaa, ndipo akaandika majina. Hatua kumi kutoka kitandani hadi mezani zilitosha. Alipojua, alijifungia chumba cha dawa akalia. Nilimfuata, na sikumsema, kwa sababu mtu yeyote kati yetu angeachwa peke yake na wagonjwa wale wote angeweza kufika pale pale. Kinachotakiwa ni utaratibu ambao hata mtu aliyechoka hawezi kuuruka.

Tulikaa na metroni na daktari yule, ambaye baadaye ndiye alikuwa mtetezi wetu mkubwa, tukakubaliana mambo machache yaliyobandikwa kila wodi. Kichupa kinaandikwa kando ya kitanda, baada ya damu kuingia, kabla hujamwacha mgonjwa. Na hakiandikwi mapema kikiwa kitupu. Kinaandikwa majina matatu, namba ya faili, tarehe, saa, na aliyetoa. Kikiwa na jina moja, au kimeandikwa "Mama Fulani", hakipokelewi hata kama mgonjwa anakata roho. Anayepokea anarudi na muuguzi kitandani wakatoe upya pamoja. Mgonjwa mpya asiye na rekodi kwetu anapimwa kundi kwa sampuli mbili zilizotolewa kwa nyakati mbili. Huku tukisubiri, kama hali ni mbaya, anapewa chembe nyekundu za O, ambazo hazina A wala B ya kushambuliwa. Mwanzoni tulinung'unikiwa sana. Niliitwa mkaidi, niliambiwa najifanya daktari. Ukipangiwa benki ya damu uwe tayari kuyasikia hayo bila kukasirika na bila kulegea. Inachosha, na wengine wanaomba kuhama kwa sababu hiyo.

Kuna swali moja ambalo ningependa kila muuguzi wa nchi hii alijue namna ya kuliuliza. Usimuulize mgonjwa, "Wewe ndiye Mariamu Juma?" Mgonjwa wetu, kwa heshima, au kwa homa, au kwa sababu hakusikia vizuri, atakujibu, "Ndiyo, sista." Muulize, "Unaitwa nani?" na umwache ataje mwenyewe, kisha ulinganishe na fomu, na kichupa, na baadaye mfuko. Kama hajitambui, muulize ndugu aliyemleta, kwa namna hiyo hiyo. Damu inapotundikwa, wasimame watu wawili, mmoja asome kwa sauti kutoka kwenye faili, mwingine aangalie lebo ya mfuko: jina, namba, kundi, tarehe ya mwisho wa matumizi. Kuangalia huku ndiko nafasi ya mwisho kabisa ya kumwokoa mtu, na hufanyika kitandani, si ofisini.

Damu ikishaanza kuingia, dakika 15 za kwanza usiondoke. Iende polepole. Mgonjwa akianza kutetemeka, joto likapanda, akalalamika kiuno au kifua, au mkojo ukatoka wa rangi ya kahawia iliyokolea, funga damu mara moja. Usiseme ni malaria. Kwetu hili ndilo linalonitia hofu zaidi, kwa sababu mtoto aliyelazwa kwa malaria akitetemeka kila mtu anaona ni malaria ileile, na damu inaendelea kutiririka. Funga, acha kanula mahali pake na uweke dripu mpya ya chumvi, mwite daktari, halafu tuletee benki mfuko ule na mpira wake pamoja na sampuli mpya ya damu na mkojo. Mfuko usitupwe kwenye ndoo, tunauhitaji kujua kilichotokea. Na mpira wa damu haupitishi kitu kingine isipokuwa dripu ya chumvi. Dripu ya sukari hupasua chembe, na dripu ya Ringa ina kalsiamu inayogandisha damu ndani ya mpira.

Sasa niseme la usalama wetu wenyewe, ambalo tunalipa kisogo mpaka litufike.

Nilichomwa sindano. Kulikuwa na trei ya vichupa iliyotoka wodini, na katikati ya vichupa kulikuwa na sindano iliyotumika, haina kifuniko, imefunikwa na pamba. Niliingiza mkono kuchukua sampuli, ikapita glavu na kidole. Unachotakiwa kufanya ni kuosha kwa sabuni na maji yanayotiririka, usikamue kidole, usimwagie dawa kali, na utoe taarifa saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku wa manane na anayetakiwa kuipokea amelala. Dawa za kukinga VVU zinafanya kazi vizuri zaidi zikianza ndani ya saa chache, na zikizidi saa 72 hazina maana tena. Unameza siku 28 bila kuruka. Unapimwa siku hiyo, baada ya wiki 6 na baada ya miezi 3.

Namba zenyewe zinatuliza kidogo: kati ya watu 1,000 wanaochomwa sindano yenye damu ya mtu mwenye VVU, wanaoambukizwa ni kama 3 tu. Lakini usiku namba hazikulazi. Nilikonda. Mume wangu nilimwambia siku ileile, tukatumia kondomu muda wote ule, na nashukuru nilimwambia, kwa sababu wenzangu waliowaficha wenzi wao walibeba mizigo miwili. Kichefuchefu nilikipata wiki ya kwanza kisha kikapungua. Majibu yangu ya mwisho yalikuwa salama.

Kilichonipa amani tangu mwanzo ni chanjo ya homa ya ini B. Kwa asiyechanjwa, kirusi hicho kinaambukiza kupitia sindano kwa wastani wa kati ya watu 6 na 30 katika kila 100, yaani mara nyingi kuliko VVU, na maabara wengi hawalijui. Hospitali haikuwa na chanjo nilipoajiriwa. Nilijilipia dozi zote tatu mfukoni mwangu, ya kwanza, ya pili baada ya mwezi, ya tatu miezi 6 baada ya ile ya kwanza, na mshahara wa kuanzia ulikuwa mdogo. Iliniuma, lakini ukitaka ushauri wangu mmoja wa matumizi ya fedha ya mwezi wako wa kwanza, ni huo. Kisha dai mwajiri awachanje wengine. Sisi tuliandika barua mpaka ikatoka bajeti.

Baada ya hapo trei za sampuli hazikuingia maabara zikiwa na sindano. Sindano inaingia sefti boksi pale pale ilipotumika, haifunikwi tena kwa kifuniko chake, na boksi likifika robo tatu linafungwa. Damu ikimwagika, unavaa glavu, unafunika kwa kitambaa, unamwagia klorini ya asilimia 0.5, unasubiri dakika 10 ndipo unapangusa. Kama mlichonacho ni JIK ya asilimia 3.5, ni kikombe 1 kwa vikombe 6 vya maji, na ichanganywe upya kila siku. Na mwite mhudumu wa usafi kwenye kila mafunzo. Ndiye anayebeba mifuko ile mpaka kwenye tanuri, na mara nyingi ndiye asiyeambiwa chochote.

Niwarudie ndugu wa wagonjwa. Damu haiuzwi. Mtu akikufuata getini akikuambia ana damu ya haraka kwa bei fulani, ama ni tapeli, ama anakutafutia mtu anayejiuza, na anayejiuza ana kila sababu ya kudanganya anapoulizwa maswali. Maswali yale ya faragha kabla ya kuchangia ni kinga sawa na kipimo, kwa sababu kuna kipindi baada ya maambukizi ambacho kipimo bado hakioni kitu. Ndiyo maana ndugu aliyeshinikizwa na ukoo ananipa wasiwasi kuliko mgeni aliyekuja kwa hiari yake. Nilimpata kijana aliyeletwa na shemeji zake watatu, wamesimama mlangoni wanamsubiri. Ndani, tulipobaki wawili, alinyamaza muda mrefu kisha akasema kwa sauti ya chini kwamba maisha yake ya miezi ile hayakuwa salama, lakini akitoka bila kuchangia watamuuliza. Nikamwambia hakuna atakayejua. Nilitoka naye nikawaambia shemeji zake kwamba kwa leo kiafya hafai kuchangia, basi. Kuna sababu nyingi za namna hiyo, hata wingi wa damu ukiwa chini kidogo, na hawakuuliza zaidi. Kila anayehoji wachangiaji awe na mlango kama huo wa kumtolea mtu kwa heshima, na chumba cha kuhojia kiwe na mlango unaofungwa kweli, siyo pazia.

Mwisho ni kwa wazazi wa watoto wa selimundu, ambao nimewafahamu kwa sura kwa sababu wanarudi na kurudi. Mtoto anayeongezewa damu mara nyingi mwili wake huanza kuzikataa chembe za watu wengine kwa sababu ya alama ndogondogo za chembe zilizo nje ya A, B na O, na krosimachi inakuwa ngumu. Tunaweza kupima mifuko kadhaa kabla ya kupata mmoja unaokubali. Kila mara mtoto anapoongezewa, ombeni iandikwe kwenye kadi yake: tarehe, kundi, idadi ya mifuko, na kama alipata homa au kutetemeka. Mkisafiri au mkihamia mkoa mwingine, kadi hiyo itoeni mapokezi kabla sampuli haijachukuliwa, na kama mtoto hana dharura mleteni asubuhi siku za kazi, ili tuwe na saa za kutosha za kumtafutia damu iliyo yake.